Kofia ya Msemaji

Mkurugenzi mmoja wa shule alikuja Nyawera, mtaa wa Bukavu, kuchukua koti lake kwa baba yangu, fundi wa nguo. Akalivaa mbele ya kioo, akainua mkono wa kulia, na koti zima likamfuata hadi sikioni. Lilikuwa na mikono miwili ya kushoto. Nilikuwa nimepita kumletea baba chakula cha mchana, nikacheka. Naungama kabisa: nilicheka hadi nikakaa juu ya rundo la vitambaa. Ulimi wangu na kicheko changu hutangulia akili tangu utotoni, na nimeshachapwa kwa ajili ya vyote viwili.

Baba hakucheka. Alilichukua koti, akaligeuza, akaligeuza tena, akauliza, “Kosa iko wapi?”

Mkurugenzi akaniangalia mimi. Baba alikuwa ameshona nguo miaka arobaini bila kuandika kipimo hata kimoja. Alikutazama mara moja, kutoka shingoni hadi kisiginoni, na baada ya wiki mbili suruali ilikukaa kana kwamba umezaliwa nayo. Sasa alikuwa ameshika koti mikononi na haoni kilichoharibika. Hapo kicheko changu kiliisha.

Si kwamba dalili hazikuwepo. Alikuwa akiniuliza mara tatu kama nimeshakula, na mara mbili alikuwa ameacha pasi ya mkaa juu ya kitambaa cha mteja. Tulisema ni uzee. Uzee ni gunia, kila usichotaka kukitazama unakitia humo.

Lakini mjini Bukavu baba hakujulikana kwa makoti, alijulikana kwa mdomo. Familia ikiwa na binti wa kuolewa, kwa siku ya mahari, ile tunayoiita dot, humtafuta mzee wa kusema kwa niaba yao, na kwa miaka mingi mzee huyo alikuwa baba. Kazi hiyo ina utani wake. Wageni wanafika na kreti zao za bia, mbuzi wao na vitenge vyao. Kila mtu anawajua, wengine wameshakula mezani kwenu mara kumi. Msemaji anawatazama kana kwamba wameanguka kutoka mwezini. Anawauliza ni akina nani, au wamepotea njia, au labda wanatafuta dispansari. Wao wanasema wameona ua zuri humu ndani. Anawaambia hapa hatupandi maua, tunapanda maharage. Kisha anawatolea mwanamke asiye mwenyewe, shangazi mwenye meno mawili au jirani mwenye watoto saba, anauliza, “Ni huyu?” na uwanja mzima unaanguka kwa kicheko. Mwisho binti mwenyewe anatolewa, na hapo utani unakoma. Msemaji anamuuliza mbele ya watu wote kama anawajua wageni hawa, na kama vitu vyao vipokelewe. Anamuuliza mara tatu. Akisema hapana, vitu vinarudi vilikotoka. Hiyo mara tatu ndiyo sheria, mengine yote ni chumvi.

Mwaka huo huo wa koti, binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alipata mchumba, muuguzi wa kutoka Katana, kijana mpole anayesalimia hadi mbuzi. Tukaweka siku ya dot miezi saba mbele. Baba ndiye aliyemlea mtoto huyu pamoja nami. Alimfundisha kutia uzi kwenye sindano kabla hajajua kusoma. Alipopewa habari hakuuliza ng'ombe ni wangapi. Alisema, “Nitamusemea mimi.” Akalisema tena jioni, kwa furaha ile ile ya mara ya kwanza, na tena kesho yake asubuhi.

Kaka yangu mkubwa anakaa Goma. Nilipompigia simu akasema, “Dada, papa hawezi. Tukodishe musemaji. Iko bale ba siku hizi, banakuya na micro yabo ya kusemea.” Simu yangu ina sauti kubwa kama mwenyewe, na baba alikuwa amekaa palepale.

“Nimesemea mabinti ya Bukavu yote,” akasema, si kwa kaka wala kwangu, “na wangu asemewe na mutu wa kukodisha?” Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Nikamwambia kaka kwamba atakayesema ni papa. “Akiharibu, iko juu yako,” akanijibu. Nikamwambia iwe juu yangu, nikakata simu, halafu nikakaa nikiwaza nimejitwisha nini.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwenye kituo kimoja cha afya ya akili. Hapo alikuwepo mwanasaikolojia kijana, binti aliyesoma ng'ambo kisha akarudi, jambo ambalo watu wengi mjini hawajamsamehe. Alimpa baba maneno matano ya kushika: ndizi, ufunguo, jirani, mvua, kitanda. Akamwomba achore saa, akazungumza naye habari za vitambaa, kisha akamuuliza yale maneno.

“Ndizi,” baba akasema. Akangoja. Akatabasamu kwa adabu. “Zingine nimeshazikula.”

Dokta, kama baba alivyomwita tangu siku ile, alicheka, kisha akaandika. Nje kwenye baraza aliniambia kwamba ni mwanzo wa kupungua kwa kumbukumbu, kwamba si wazimu, si kulogwa, na si uzee wa kawaida pia. Akanieleza juu ya mazoezi ya ubongo ambayo jina lake la kitaalamu ni neurofeedback. Ubongo una umeme wake mdogo, mashine inausikiliza, na mtu anaonyeshwa palepale akili yake inapotulia na inapotangatanga, hadi ajifunze kuishika mwenyewe. “Lakini maman, sitaki kukudanganya,” akasema. “Hii mashine haiponyeshe. Iko batu inasaidia kidogo kutuliza kichwa, iko batu haisaidie kitu. Hata benye baliisomea hawajapatana.”

Baba alikuwa ametufuata bila sisi kumwona. “Dokta,” akasema, “siombi unipe kichwa ya kijana. Unifikishe tu mupaka siku ya dot ya mujukuu wangu. Kisha utafanya vile unataka.”

Basi tukaanza, Jumanne na Ijumaa. Ilikuwa kofia ya kitambaa yenye matundu, na katika kila tundu kidude cha chuma chenye waya wake mwembamba. Dokta alipaka jeli baridi kichwani, akabana vishikizo viwili masikioni, akamhakikishia baba kwamba hakuna umeme unaoingia, kofia inasikiliza tu. Kwa wenye nywele nyingi kazi hiyo ni ndefu. Kwa baba ilikuwa dakika tano. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za baba zilikuwa zinaaga kwa pamoja, na nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba zangu hazijawahi kufika.

Mbele yake kulikuwa na skrini. Akili ikitulia, picha inang'aa. Ikipotea, picha inafifia. “Usikaze, Papa,” dokta akamwambia. “Ukikaza, picha inakimbia. Uachilie, lakini usilale.”

“Kama pedali ya mashini ya kushona,” baba akasema. “Ukikanyaga sana uzi inakatika, ukiacha mashini inasimama.” Dokta alinigeukia akaniambia kwamba humchukua wiki nzima kuwaelewesha wanafunzi jambo hilo. Nilijisikia fahari kana kwamba nimemzaa mimi.

Alimwomba achague video anayoipenda, kwa kuwa angekaa nayo muda mrefu. Mimi nilidhani atataka mpira au kwaya ya parokia. Akasema, “Ile ya dot ya mama.”

Mama ndiye mimi. Nina jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe baba ananiita hivyo, na hakuna mwingine nyumbani anayemwita hivyo. Na kati ya video zote za dunia, baba alikuwa amechagua ya kwangu. Mume niliyeozwa siku ile alikwenda Shabunda kutafuta dhahabu, binti yetu akiwa na miaka minne. Alipata mke mwingine, dhahabu hakuipata. Hiyo ndiyo habari yake yote.

“Papa, ile ndoa ilishakufa,” nikasema.

“Ndoa ilikufa. Maneno ilikuwa mazuri.”

Kaseti ile ilikuwa imeshahamishiwa kwenye flash na wapiga picha wa pale sokoni, basi sikuwa na kisingizio. Mara mbili kwa wiki nikawa nakaa nyuma ya baba, nikijitazama nikiwa na miaka ishirini na mitatu, kiuno changu kikiwa bado mahali pake. Niliona shangazi mwenye meno mawili akitolewa, akicheza mabega. Niliona marehemu mama yangu akijipepea kwa sahani ya plastiki. Na baba, katikati ya uwanja, akiwauliza wageni kama wametoroka gerezani. Baba huyu wa sasa alitazama yule wa zamani na midomo yake ilitembea pamoja naye, taratibu, chini ya zile nyaya. Picha ilikaa imeng'aa dakika nzima, dakika mbili, dakika tano. Umeme wa mji ukikatika, betri ya dokta ilishika, na baba alisema, “Courant ya mji ikienda, ya kichwa inabaki.” Alilisema kila mara, na kila mara dokta alicheka kana kwamba ni jipya. Nilimpenda dokta kwa hilo.

Mwezi wa pili ulipokaribia kwisha, dokta alinionyesha kitu. “Iko mahali moja,” akasema. “Anashika vizuri sana, halafu akifika hapa, picha inafifia. Kila mara. Kisha inarudi.”

Nikamwambia kaseti ilikuwa imechoka.

“Hapana, maman. Nilitazama hiyo video peke yake, iko sawa. Hiyo giza inatoka kwa papa.” Akauliza pale kuna nini. Nikamwambia pale ndipo mama yangu anapoonekana vizuri, na baba anamkumbuka sana. Nilidanganya mtu ambaye hakuwahi kunidanganya, na niliona haya hadi kesho yake.

Pale ndipo baba ananiuliza. Nimetolewa, nimesimama, nimeinamisha kichwa. Anasema, “Mama, unawajua hawa batu? Tupokee vitu yabo?” Na mimi ninanyamaza. Katika video kimya ni kirefu kiasi kwamba mpiga picha anachoka, anakwenda kuwapiga picha mbuzi. Kisha sauti ya baba inasikika ikicheka, “Mutoto wa nyumba ya heshima hasemi ndiyo kwa mudomo, anaisema kwa macho!” Makofi, vigelegele, bia zinafunguliwa. Hakuniuliza mara ya pili. Wala ya tatu. Hakuna aliyegundua, kwa sababu neno lilikuwa tamu. Watu walilirudia mjini mwaka mzima.

Macho yangu hayakuwa yakisema ndiyo. Yalikuwa yanatafuta sauti yangu imekwenda wapi. Sikumtaka mtu yule. Mara ya pili labda ningethubutu kusema, na mara ya tatu, naamini, ningesema. Sijui, huenda najisifu. Katika ndoa ile nilimpata binti yangu, kwa hiyo siwezi kuilaani. Lakini na baba nilikuwa na jambo moyoni, miaka ishirini na sita. Nilimpikia, nilimwosha miguu alipougua, nilicheka naye kila siku, na jambo lilikuwepo. Sikuwahi kumwambia. Naye hakuwahi kuuliza. Nilidhani hakugundua.

Ilipofika miezi mitano baba alikuwa ametulia. Aliweza kumsikiliza mtu hadi mwisho bila kupotea, na alianza tena kushona pindo za suruali. Pindo tu, makoti tulimwondolea. Lakini Jumapili moja alikataa kula kwa sababu mama yangu alikuwa hajarudi kutoka misa, na tulikuwa tumemzika miaka sita kabla ya hapo. Dokta alimpima tena. Utulivu umeongezeka kidogo, akasema, kumbukumbu haijarudi. Katika yale maneno matano alishika ndizi, na mara moja mvua. Nilimkasirikia dokta, nikamuuliza basi hiyo kofia yake inasaidia nini, kwa sauti iliyofika hadi kwa wagonjwa barazani. Hakujibu kwa ukali. Ijumaa iliyofuata nilimpelekea kikapu cha maparachichi na sikusema kitu, naye akauliza kama yameiva.

Siku mbili kabla ya dot kaka alifika kwa boti kutoka Goma. Mezani alimuuliza baba, kama anayetania, “Papa, Siku ya Posho ni nani anaolewa?” Posho ni Jumamosi yetu. Baba akafikiri. “Mutoto wetu,” akasema. “Mutoto gani?” Baba akaomba chumvi.

Kaka akatoka nje. Nikamfuata nikiwa nimeshanoa ulimi, nikamkuta amesimama karibu na tangi la maji anajifuta macho kwa kiganja. “Siogope hiyo dot,” akasema. “Niko naogopa bamucheke.”

“Kuchekesha batu njo kazi yake,” nikamwambia, lakini ulimi ulikuwa umeshalegea. Tukakubaliana kaka atakaa kando ya baba, na baba akijikwaa mara moja tu, yeye ataendelea.

Wageni walifika mchana, magari yao yana matope ya njia ya Kavumu. Baba alikuwa amevaa suti aliyojishonea mwenyewe zamani. Walipoingia uwanjani hakuinuka. Msemaji wao, mzee mnene mwenye sauti ya padri, alitusalimu kwa urefu, akangoja. Baba akawatazama mmoja mmoja.

“Ninyi ni nani?” akauliza.

Watu wakacheka. Baba akageuza uso kuwatazama waliocheka, kisha akawarudia wageni. “Kweli,” akasema. “Siwajue.”

Kicheko kikazidi, kuna mama mmoja alipiga magoti kwa kucheka. Lakini mimi niliona vidole vyake vikitembea juu ya goti, vikitafuta kitu, na nilijua hatanii. Hakuwajua. Kwake walikuwa watu wageni wenye mbuzi, na yeye hakujua kwa nini nyumba imejaa. Kaka aliinuka nusu. Nilimkazia macho kutoka upande wa wanawake, na sijui alisoma nini usoni mwangu, ila alikaa.

Mzee wa Katana hakujua lolote, alicheza zamu yake: “Papa, tuko tunapita njia, tukaona ua moja muzuri humu ndani.”

Na vidole vya baba vikatulia. Alivuta pumzi kama alivyokuwa akifanya chini ya kofia. “Ua?” akasema. “Hapa hatupande maua. Tunapanda maharage.” Kuanzia hapo njia ilimbeba yenyewe. Aliwauliza kama wamefukuzwa Katana kwa wizi wa kuku. Aliuliza kama mbuzi wao amebatizwa. Sauti haikuwa kubwa kama zamani, watu walilazimika kuinama mbele kumsikia, lakini hakujikwaa hata mara moja, na kaka alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

Ikafika zamu ya mwanamke asiye mwenyewe. Binamu yetu mmoja mnene alikuwa ameshafunikwa kitenge mlangoni, anangoja kuitwa. Baba akainua mkono, akamsimamisha. Akatafuta kwa macho kati ya wanawake.

“Mama,” akasema. “Kuya hapa.”

Uwanja ulipasuka. Mama mzazi wa bibi harusi anatolewa kama bibi harusi! Hakuna msemaji aliyewahi kuthubutu. Vigelegele vikapigwa, watu wakanisukuma, nikajikuta nimesimama mbele yake. Nilikuwa nimeshatayarisha utani wangu. Kisha nikaona macho yake. Baba hakuwa anatania. Kwake nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na wageni hawa wamekuja kunichukua.

Alinishika mkono. Vidole vyake vina sugu ya mkasi hadi leo. “Mama, unawajua hawa batu?” akauliza. “Tupokee vitu yabo?”

Nikanyamaza. Kilikuwa kimya kile kile, na sauti yangu ilikwenda pale pale ilikokwenda zamani. Watu walicheka, wakangoja neno lake tamu. Baba hakugeuka kwao. Alingoja mimi.

“Mama, tupokee?”

Kicheko kikaanza kupungua. Nilimsikia mbuzi mmoja. Baba alikuwa ananitazama usoni na hakuwa na haraka yoyote.

“Mama. Tupokee?”

“Hapana, papa,” nikasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yangu.

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Mzee wa Katana alirusha mikono juu, “Huyu mama ametukatala! Twende, turudi kwetu!” na vijana wao wakajifanya wanainua kreti. Ndani ya kelele hiyo baba alileta mdomo wake sikioni mwangu.

“Nilijua,” akasema. “Hata siku ile nilijua. Maneno ilikuwa mazuri, nikaogopa kuiharibu. Unisamehe.”

Nilikuwa nimeushika mkono wake kwa mikono yangu miwili, na watu walidhani naigiza. Ndipo binti yangu akatoka. Hakuwa ameitwa, na mashangazi walijaribu kumvuta kitenge, lakini alikuwa ametuona kutoka mlangoni. Akashika mkono wa pili wa baba. “Koko,” akasema, jina tunalowaitia babu zetu, “sasa ni mimi.”

Baba akamtazama yeye, akanitazama mimi, akamrudia yeye. “Njo wewe,” akakubali, na uso wake ukafunguka. Akamuuliza mara ya kwanza, akangoja. Mara ya pili, akangoja. Mara ya tatu. Kila mara binti yangu alijibu ndiyo kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, na kila mara baba alitikisa kichwa kama anayepokea kitu kizito. Kisha akanywa bia yao, na sisi sote tukanywa.

Watu waliondoka wakisema mzee hajawahi kusema namna ile, na kwamba hilo la mama mzazi watu watalirudia hadi Uvira. Kaka alinikumbatia akaniambia papa ametushinda wote. Sikumwambia. Sijamwambia hadi leo.

Kesho yake, tuliporudi kutoka misa, tulikaa wawili uwanjani kati ya kreti tupu. Baba alikuwa anamenya chungwa kwa ganda moja lisilokatika. Nilikuwa sijalala, nilikuwa nimelipanga neno langu usiku mzima, na kwa mtu wa ulimi kama wangu lilikuwa fupi.

“Papa,” nikasema, “ile jambo ya jana. Nimekusamehe.”

Akanitazama kwa ile adabu anayowapa watu ambao majina yao yamempotea. “Kosa gani?”

Nikaanza kueleza. Nilisema video, nilisema siku ile, nilisema uliniuliza mara moja tu. Nikaona hofu ikipanda usoni mwake, hofu ya mtu anayeshitakiwa kwa jambo ambalo amelitafuta kila mahali ndani yake na halioni. Nikaacha kueleza. Miaka ishirini na sita nilitaka aniombe radhi, na alikuwa ameniomba, na aliyeniomba hakuwepo tena.

“Hakuna, papa,” nikasema. “Hakuna kosa.”

“Basi vizuri,” akasema. Hofu ikashuka. “Juu siwezi kupenda nikukosee, mama.”

Nikalia pale pale, mchana kweupe, kwa sauti, jirani akachungulia. Baba aliweka chungwa chini, akatoa kitambaa mfukoni mwa koti, akanifuta uso kwa makini, kona kwa kona.

“Usilie,” akaniambia. “Katana si mbali. Mutoto atakuwa anakuya kutuona.”

Tangu asubuhi hakuna mtu aliyekuwa amelitaja jina la Katana. Alikuwa amelikumbuka mwenyewe.